Kuhamia Diski Kubwa Bila Kupoteza Kitu

Ule mstari wa buluu ulio chini ya diski C hugeuka mwekundu pasipo kukupa taarifa. Kwa mdogo wangu uligeuka Jumapili jioni, ametoka kupiga picha za harusi Muheza, kadi mbili za kamera zimejaa na hana pa kuzimimina. Akafanya wanachofanya wengi: akaanza kufuta. Akafuta filamu, akaondoa programu, akafuta folda iliyoandikwa "zamani" bila hata kuifungua. Ndani ya folda ile mlikuwa na sauti ya marehemu bibi, dakika arobaini na mbili, akiwataja babu zake mmoja mmoja na kila mmoja alikozikwa. Sauti hiyo ipo mpaka leo kwa sababu tu nilikuwa nimeinakili kwangu miaka miwili nyuma.

Nimelitanguliza hilo ili ujue kwa nini nina msimamo mkali katika jambo hili. Diski ikijaa, usifute kwa pupa. Tafuta kubwa zaidi, uhamishe kila kitu kilivyo. Na wakati wa kuhamisha shika sharti moja: isipite hata dakika moja ambapo kitu chako cha thamani kipo mahali pamoja tu.

Kabla hujaenda Kariakoo au Luthuli na pesa mkononi, jua laptopu yako inapokea diski ya aina gani. Hapa ndipo watu hununua mara mbili. Laptopu nyingi za mtumba tunazotumia, zile zilizotoka maofisini Ulaya na kupitia Dubai, zina diski ya SATA ya inchi 2.5, inayoenea kwenye kiganja. Mtego wake ni unene: zipo za milimita 9.5 na za milimita 7. Ya milimita 7 hukaa vizuri kwenye nafasi ya 9.5 ukiitilia kipande cha plastiki cha kujazia. Ya 9.5 haiingii kwenye nafasi ya 7, na anayeilazimisha huvunja meno ya mahali inapochomekwa. Laptopu za miaka ya karibuni hutumia M.2, kijibao chembamba chenye upana wa milimita 22 na mara nyingi urefu wa milimita 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Nazo zipo za SATA na za NVMe. Kwa sura ni kama mapacha, lakini mashine inayotaka moja huenda isiione nyingine kabisa.

Usikisie. Geuza laptopu, soma modeli kamili kwenye kibandiko cha chini, kisha tafuta kitabu cha matengenezo cha modeli hiyo hasa. Dell, HP na Lenovo huviweka bure mtandaoni, na ndani utakuta mchoro wa kila skrubu. Dakika kumi za kusoma zinaweza kukupa habari njema usiyoitarajia. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina nafasi ya diski ya inchi 2.5 na pia mkao wa M.2, kwa hiyo diski mpya inaweza kuingia bila ya zamani kutoka. Habari mbaya ni kwa wenye MacBook za chipu ya M1, zilizoanza kutoka mwaka 2020, na zilizozifuata. Humo hifadhi imelehemiwa kwenye ubao mama. Nunua diski ya nje tu, na usimlipe mtu akuambiaye atajaribu.

Kuhusu aina, sina mjadala mrefu. Diski ya sahani inayozunguka husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, SSD (diski isiyo na sahani) ya SATA hufika 550 hivi, na NVMe ya kawaida ya kizazi cha tatu hufika 3,500. Mtu akishahamia SSD hudhani amenunua kompyuta nyingine. Kwa ukubwa, chukua angalau mara mbili ya ulichokwisha kutumia. Mwenye 500 iliyojaa achukue terabaiti 1. Ukiiwasha na Windows ikakuambia ina gigabaiti 931, hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, ndiyo tofauti.

Wizi upo, ila una sura nyingine. Ukiona SSD ya "terabaiti 16" inauzwa kwa bei ya mlo wa watu wawili, ndani yake kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kusema uongo. Itakuonyesha nafasi kubwa, itapokea faili zako zote, na zikizidi uwezo wake wa kweli itaziandika juu ya zile za mwanzo bila kulalamika. Kwa hiyo diski yoyote mpya, hata ya duka unaloliamini, ijaribu ingali tupu. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski yote kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Kwenye Linux ipo F3 inayofanya kazi hiyo hiyo. Hula saa kadhaa. Iache ifanye kazi usiku.

Ongeza kitu kimoja kwenye manunuzi: kasha la diski lenye waya wa USB, la SATA au la NVMe kulingana na ulichonunua. Utalihitaji ili diski mpya iongee na laptopu kutoka nje, na baadaye diski ya zamani, ikiwa ni ya aina ile ile, itakaa humo humo. Hakikisha ni la USB 3, na ulichomeke kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi lina ulimi wa buluu. Hesabu yenyewe ni hii: gigabaiti 400 kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni saa moja na dakika chache, na kwa USB 2, inayokwenda megabaiti thelathini na kitu, ni zaidi ya saa tatu. Katika nyumba ambayo umeme huondoka bila hodi, saa mbili za ziada ni hatari ya kweli. Betri ya laptopu iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa.

Sasa, kabla ya kunakili chochote, msikilize mgonjwa. Diski ya zamani inaweza kuwa inajaa na inakufa kwa wakati mmoja. Fungua programu ya CrystalDiskInfo. Rangi ya buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Tazama hasa mistari miwili, ule wa 05 na ule wa C5. Wa kwanza huhesabu sehemu za diski zilizokwisha kuharibika na kubadilishwa, wa pili huhesabu zile zinazokataa kusomeka. Hesabu hizo zikiwa si sifuri, mpango wote unabadilika. Usiendeshe chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows, ukidhani unaitibu, maana utaikimbiza diski iliyochoka kutoka mwanzo hadi mwisho kabla hujaokoa kitu. Toa kwanza faili zisizo na mbadala, kisha tumia ddrescue, programu ya Linux iliyobuniwa kwa ajili ya diski gonjwa. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziandika, kisha ndipo hurudi kwenye zile ngumu, tena ikiweka kumbukumbu ya ilipofika ili ikikatizwa iendelee hapo hapo. Na kama diski inatoa mlio wa kugonga, tk, tk, tk, zima. Zima sasa hivi, usiiwashe tena nyumbani, umpelekee mtu ambaye kazi yake ni kuokoa data.

Diski ikiwa nzima, bado kuna kazi ya kufanya kabla ya kazi yenyewe. Chukua vile usivyoweza kuvipata tena duniani (picha za watoto, tasnifu, vitabu vya hesabu za biashara, sauti za wazee) uvinakili kwenye diski ya tatu au flashi kubwa. Wengi huona hapa napoteza muda, kwa kuwa diski nzima inanakiliwa hata hivyo. Lakini wakati wa kunakili diski moja kwenda nyingine kuna nafasi ya kosa moja ambalo hufuta zote mbili kwa pigo moja. Nitalieleza mbele, kwa kuwa nimelishuhudia kwa macho.

Halafu kuna kufuli. Laptopu nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, pale tu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukibadilisha diski, mashine inaweza kugoma na kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Usingoje uulizwe. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuone ufunguo, uuandike kwa kalamu kwenye karatasi. Kisha zima usimbaji kwenye mipangilio na usubiri diski imalize kufunguka yote, jambo linaloweza kuchukua saa nzima au zaidi. Utauwasha tena ukiwa kwenye diski mpya.

Hapa watu hugawanyika: kunakili diski nzima, au kuweka Windows mpya na kuhamisha faili peke yake? Mafundi wengi hupendelea njia ya pili kwa kuwa wao hawaishi ndani ya kompyuta yako. Wanakurudishia mashine safi, nyepesi, na kwa wiki tatu unagundua kimoja kimoja kilichoachwa: manenosiri ya kivinjari, barua za Outlook zilizokuwa kwenye faili moja kubwa, faili ya QuickBooks ya kampuni, fonti za kadi za harusi, mipangilio ya printa. Mimi nashauri kunakili nzima, ambako huitwa kukloni, isipokuwa kama Windows yako ina virusi au imekuwa ikianguka kila siku, maana pacha huzaliwa na maradhi yale yale. Kumbuka pia kwamba msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako inaweza kupokea Windows 11, hama kwanza diski, tumia siku chache, ndipo upandishe mfumo. Ukifanya yote mawili siku moja na kitu kikaharibika, hutajua kimeharibiwa na nini.

Programu za kukloni ni nyingi. Baadhi ya watengenezaji wa SSD hutoa ya kwao bure, kama Samsung Data Migration kwa diski za Samsung, na kama diski yako ina yake, itumie, ni rahisi. Mimi hutumia Clonezilla, ambayo ni bure na huanzia kwenye flashi, Windows ikiwa imelala. Asiyependa maandishi meupe kwenye kiza atumie Rescuezilla, yenye vitufe vya kubofya. Kabla ya kuanza, zima Windows kikweli: shikilia kitufe cha Shift unapobofya kuzima. Bila hivyo Windows husinzia tu ili iamke haraka, na Clonezilla itakataa kuigusa.

Twende sasa kwenye lile kosa. Jirani yangu, mwalimu, alikuwa na diski mbili za ukubwa mmoja: ya sahani iliyokuwa ikimchosha na SSD mpya. Skrini ikamuonyesha sda na sdb, ndiyo majina ya diski hizo. Ikamuuliza chanzo ni ipi. Akachagua sdb, akiamini mpya ndiyo ya kwanza kwa kuwa aliichomeka kwanza. Programu ikamuonya kwamba kila kilichomo kwenye sda kitafutika, akabonyeza y. Ikamuuliza mara ya pili, akabonyeza y tena, kwa haraka ile ile tunayokubali nayo masharti ya kila kitu. Utupu ukanakiliwa juu ya maswali ya mitihani ya miaka kumi na moja. Nilikuwa nimekaa pembeni yake na kikombe cha chai, natazama simu. Sikuangalia skrini mpaka ilipokuwa inamalizika kwa kasi isiyo ya kawaida, na bado najilaumu kwa dakika zile.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kuzima Windows, andika kwenye karatasi idadi ya faili za folda zako kubwa, na jina la kila diski kama linavyosomeka, si sda wala sdb, bali modeli na ukubwa wake. Chini ya moja andika CHANZO, chini ya nyingine andika HII ITAFUTWA. Swali likija kwenye skrini, weka kidole kwenye karatasi, soma kwa sauti, linganisha herufi na tarakimu, ndipo ubonyeze. Nikiwa na mtu chumbani humwomba asome yeye na mimi nionyeshe. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Tangu nianze kufanya hivyo halijatokea tena.

Clonezilla, kwa kawaida yake, hunakili vyumba vya diski kwa ukubwa ule ule vilivyokuwa nao. Hapa ndipo watu hushangaa: diski ni ya terabaiti 1 lakini C imebaki ile ile, na nafasi iliyobaki inaelea bila mwenyewe. Unaweza kuchagua -k1 unapoulizwa habari ya jedwali la vyumba, nayo itavitanua vyote kwa uwiano. Au baadaye tumia programu ya GParted kutoka kwenye flashi. Ukijaribu ndani ya Windows yenyewe, mara nyingi utakuta neno la kutanua limefifia halibofyeki, kwa sababu kile chumba kidogo cha uokoaji kimekaa katikati ya C na nafasi tupu kama mlinzi mlangoni. GParted hukisogeza mpaka mwisho wa diski, kisha C hutanuka. Anayenunua diski inayozidi terabaiti 2 ahakikishe inatumia jedwali la GPT. Lile la kale la MBR haliwezi kuhesabu zaidi ya hapo.

Kunakili kukiisha, zima mashine. Usiiwashe na diski zote mbili zimechomekwa, kwani sasa zina kitambulisho kimoja na Windows itaizima moja au itachanganya ipi ni ipi. Chomoa chaja, na ukishafungua mfuniko chomoa betri kabla ya kugusa kingine. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kutoa umeme tuli mwilini. Tumia bisibisi ya nyota inayoenea sawasawa, maana skrubu za laptopu ni laini na bisibisi ndogo huzila vichwa. Mimi hupanga skrubu juu ya karatasi yenye mchoro wa mfuniko, kila moja mahali ilipotoka, kwa kuwa urefu hutofautiana na skrubu ndefu mahali pa fupi huweza kutoboa kilicho juu yake. Diski ya M.2 huingia kwa mshazari, ikisimama kidogo kama mlango wa sanduku ulioachwa wazi, kisha unailaza taratibu na kuibana kwa skrubu moja. Ikikataa kuingia, usisukume. Tazama pengo la meno kama linaelekeana na la mkao.

Washa. Mara nyingi Windows itainuka kana kwamba hakuna kilichotokea, na uhalali wake utabaki, kwa kuwa hutambuliwa zaidi kwa ubao mama kuliko kwa diski. Ikitokea skrini ya buluu, hasa kwa waliotoka SATA kwenda NVMe, iwashe kwanza katika hali salama mara moja ili itafute kiendeshi kinachofaa. Ikisema haioni diski kabisa, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uone kama diski mpya imetajwa na kama njia ya kuanzia, UEFI au Legacy, ni ile ile iliyotumika zamani.

Kuwaka kwake hakutoshi. Fungua picha za folda ya kale kabisa na ya jana. Cheza video moja ndefu, uirushe katikati, kisha mwishoni. Fungua hesabu za biashara. Linganisha idadi ya faili kwenye folda kubwa na ile uliyoiandika kabla. Fanya kazi zako za kawaida wiki moja, mbili.

Na muda wote huo ile ya zamani usiiguse. Usiifute ili "kupata ya ziada", usimwazime mtu, usimwachie fundi kama sehemu ya malipo. Wazee walionya tusiache mbachao kwa msala upitao, na sijui mahali onyo hilo linapofaa kuliko hapa. SSD mpya ikiwa na kasoro ya kiwandani, huweza kufa mapema bila dalili, tena bila hata ule mlio wa kugonga.

Siku ya kuachana na diski ya zamani ikifika, iachie ikiwa tupu. Kubofya kufuta hakutoshi, wala kuiumbiza kwa haraka. Vilivyomo bado huokoteka. Diski ya sahani ijaze sifuri mwanzo hadi mwisho, mara moja yatosha. SSD haifutiki vizuri kwa njia hiyo, kwa hiyo tumia amri ya kufuta salama iliyo kwenye BIOS ya laptopu nyingi za ofisi, au kwenye programu ya mtengenezaji. Ikiwa imebeba taarifa za wateja, wagonjwa au wanafunzi, jambo hili limevuka adabu na kuwa la kisheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Diski iliyokufa isiyofutika, itoboe kwa drili.

Ya mdogo wangu bado hajaitoboa wala kuifuta. Imo ndani ya kasha lake la USB, kwenye droo ya kabati la mama, imebandikwa kipande cha utepe chenye tarehe ya kuhama na maneno "usifute". Juzi aliitoa, akanakili kwenye simu ya shangazi ile sauti ya bibi niliyomrudishia, akairudisha diski mahali pake.